Laptopu nyembamba ya ARM nyumbani Tabata: nilichojaribu, kilichogoma na hela iliyotoka

Jumamosi 15 Februari 2025: kununua

Wadau, naandika hii kwa yeyote anayewaza kuhama Intel aende kwenye hizi laptopu mpya za Snapdragon (prosesa za ARM kutoka Qualcomm), maana ukisoma huko nje ni aidha unaambiwa betri inakaa siku nzima au unaambiwa usiguse kabisa, na hakuna anayekwambia ukishaifikisha Tabata ukachomeka printa ya miaka kumi na kitu iliyopita inakuwaje. Nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha.

Iliyokuwepo ni used ya kutoka Dubai, Core i5 kizazi cha sita, betri ilishakufa kwahiyo ni ya kuishi ukutani, feni ikianza unadhani kuna mtu anasaga nafaka. Windows 10 ilikuwa inakatiwa huduma Oktoba 14, 2025 na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, kwahiyo mwaka huu ilikuwa lazima ninunue kitu.

Nimechukua yenye Snapdragon X Plus ya kori nane (X1P-42-100), memori 16GB, SSD 512GB, inchi 14, betri Wh 57. Kariakoo walianza na milioni mbili na laki tatu, tukaongea tukaongea ikaishia 2,150,000. Chaja imekuja na pini mbili za duara, adapta ya pini tatu 8,000. Memori imechomelewa kwenye ubao, huongezi baadaye hata umlipe fundi nini, kwahiyo ukikuta ya 8GB kwa bei ya kutamanisha iache hapohapo.

Kwa ambao hawajakaa na hii kitu: prosesa ya ARM inaongea lugha tofauti na Intel au AMD. Programu iliyotengenezwa kwa Intel haisomeki moja kwa moja, ila Windows 11 inaitafsiri huku inaendeshwa, na kwenye toleo la 24H2 kitafsiri chenyewe kinaitwa Prism. Zamani Windows 10 ya ARM ilikuwa inatafsiri programu za biti 32 tu, za biti 64 zimekuja na Windows 11. Sasa sikiliza hapa vizuri: programu ndo zinatafsiriwa, DRAIVA HAZITAFSIRIWI. Draiva, kile kiprogramu kinachoiunganisha Windows na kifaa kama printa, inakaa ndani kabisa kwenye kiini cha mfumo, lazima iwe imetengenezwa kwa ARM64 tangu kiwandani au hakuna kitu. Karibu kila kilichonisumbua huko chini kinatokea hapo.

Vya kupima nimeviandika kwenye karatasi nikabandika ukutani: printa, skana, modemu ya USB, programu ya hesabu za duka la shemeji yenye ufunguo wake wa USB, programu ya dogo ya kuhariri video, na vile vya kila siku vya mama Nasra ambaye ni mwalimu wa sekondari na kwake yeye kompyuta ni Word, WhatsApp na kuprinti mitihani, mengine yote ni kelele.

Jumapili 16 Februari: programu za kawaida

Hapa napita haraka. Office, Zoom, Firefox, WhatsApp, zote poa. Tovuti za serikali, za benki, kutoa kontroli namba, yote yanapita kwenye brauza kwahiyo prosesa haihusiki. VLC niliweka ya x64 (yaani ya Intel na AMD) ikatafsiriwa, inacheza bila shida.

Kilichonisumbua ni Chrome. Ilikuwa nzito, tabo tano tu mashine inapumua, nikashangaa maana kila mtu anaisifia. Fungua Task Manager, nenda Details, bonyeza kulia kwenye vichwa vya safu uongeze safu ya Architecture. Hapo kila programu inakuonyesha asili yake: ARM64 ni mwenyeji, x64 au x86 ni ya kutafsiriwa, na Office utaikuta imeandikwa ARM64 (x64 compatible), usiogope, hiyo ni mwenyeji pia, imejengwa hivyo ili ikubali nyongeza za zamani. Chrome yangu ilikuwa x64. Chanzo: niliiweka kutoka kwenye flashi yangu ya programu ambayo natembea nayo miaka yote. Chrome ya ARM64 ipo tangu Machi 2024, nikaitoa ile, nikashusha upya kutoka kwenye tovuti yao huku nikitumia mashine hiihii, ikawa kitu kingine kabisa. Kwahiyo zile flashi zetu za "programu zote humu" ziacheni kwenye droo.

Jumamosi 22 Februari: akaunti ya muuzaji na tarakimu 48

Nilitaka kuona Linux, ule mfumo huria mbadala wa Windows, inasemaje humu. Ubuntu, ambayo ni Linux mojawapo, wana toleo la majaribio kwa hizi Snapdragon X, nikaliweka kwenye flashi, nikazima Secure Boot (kinga inayozuia mfumo usiotambulika kuwaka) kwenye firmware, ile programu ya ndani ya kifaa chenyewe, nikawasha. Skrini nyeusi. Kila laptopu ya aina hii inahitaji faili lake la kuieleza Linux vifaa vimekaaje kwenye ubao, na modeli yangu haimo. Sawa, hilo nilitegemea, sio kama PC ya Intel ambapo unachomeka flashi yoyote inaamka.

Ambalo sikulitegemea ni kurudi. Nachomoa flashi, nawasha Windows, skrini ya bluu: weka ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski), tarakimu 48. Ufunguo upi tena? Mimi sijawahi kusimba chochote! Kumbe hizi mashine zinakuja na diski imeshasimbwa yenyewe, na ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha mara ya kwanza. Aliyeiwasha mara ya kwanza ni kijana wa dukani, alivyokuwa "ananisaidia kuseti". Akaunti ni yake. Yaani mafaili yangu yote yamefungwa na kufuli ambayo ufunguo wa akiba anao jamaa mmoja Kariakoo ambaye hata sura yake sijaikariri.

Bahati ni kwamba ukirudisha Secure Boot kama ilivyokuwa, mashine inakubali kujifungua, maana inaona hali ni ileile iliyozoea. Ikawaka. Hapohapo nikafungua Terminal kama msimamizi:

manage-bde -protectors -get C:

Inakutolea zile tarakimu 48 hadharani, nikaziandika kwenye daftari la karatasi. Halafu nikafanya Reset this PC, futa kila kitu, safari hii nikaweka akaunti yangu mwenyewe, nikaingia kwenye akaunti kuhakikisha ufunguo mpya umefika. Apdeti zilizofuata zilikula bando la 15,000.

Dukani mwambie muuzaji asiiwashe, au aiwashe muone skrini na kibodi basi, azime. Akishaweka jina lake mle wewe ni mpangaji.

Na mkitaka kuweka Windows upya kabisa, ISO (faili la kusakinishia Windows) za kawaida zinazozunguka kwenye maflashi ni za x64, hazitawaka humu. Microsoft walianza kutoa ISO ya ARM64 kwa kila mtu Novemba 2024, ila hiyo nayo ni kavu, kwenye mashine nyingi za Snapdragon unaweza ukafika kwenye skrini ya kuanza huna tachipedi wala waifai. Tumia faili la kurejesha la mtengenezaji wa laptopu yako, au Reset ya ndani kama mimi.

Jumamosi 1 Machi: printa

Hii ndo imekula muda. Printa yenyewe ni laser ndogo ya nyeusi na nyeupe, mzima wa afya, tona yake inajazwa mtaani kwa bei ya chee, na mama Nasra alishanitangazia kwamba laptopu isiyoprinti mitihani sio laptopu.

CD yake: kisakinishi kinafunguka vizuri kabisa (ni programu, inatafsiriwa), kinakwenda mpaka asilimia mia, kinakupongeza, afu kwenye Device Manager kuna pembetatu ya njano, Code 28, maana yake draiva haijawekwa. Ndo mtego wenyewe huo, kisakinishi kinatafsiriwa kwahiyo kinaonekana kinafanya kazi, ila mzigo kilioubeba hauingii.

Draiva ya jumla ya kampuni: ya ARM ipo, lakini inahudumia printa zinazoelewa PCL au PostScript, lugha za kuielezea printa ukurasa. Printa hizi za bei rahisi za zamani hazielewi lugha yoyote ya maana, kompyuta ndo inachora ukurasa wote nukta kwa nukta inautuma umeshaiva, printa ni mikono tu. Bila draiva yake hasa hakuna wa kuuchora.

Windows Update, sehemu ya draiva za hiari: hamna.

Kushea printa kutoka kwenye mashine ya zamani kupitia waifai: nilikuwa na matumaini hapa. Inaonekana, ukibonyeza inaomba draiva kutoka kwa mashine mwenyeji, mashine mwenyeji ina ya x64, ARM inaikataa. Imegoma palepale.

Kwa wale wa kununua printa mpya: ikiwa na alama ya Mopria mambo yote haya hayakuhusu, Windows ina draiva moja ya jumla inaitwa Microsoft IPP Class Driver, inaongea nayo moja kwa moja. Mpya ya laser niliyoulizia ni laki nne na kitu. Nikamwambia mama Nasra, akaniangalia, akasema "baba Nasra, hela ya printa ilikuwemo kwenye hela ya laptopu?" Basi.

Jumapili 9 Machi: printa imekubali

Wazo: kama Windows ina draiva ya jumla ya kuongea na printa za kisasa, basi tuifanye printa ya zamani ijifanye ya kisasa. Katikati anakaa mtu anayepokea lugha ya kisasa upande mmoja na kuchora zile nukta upande wa pili. Mtu huyo ni ile Core i5 ya zamani, si imeshakosa kazi.

Nimefuta Windows 10 nikaweka Debian 12 (Linux nyingine) bila hata mazingira ya picha, afu:

sudo apt install cups avahi-daemon printer-driver-foo2zjs
sudo usermod -aG lpadmin jina_lako
sudo cupsctl --share-printers

Hiyo cups (CUPS) ndo programu ya Linux inayosimamia na kushea printa, na foo2zjs ni draiva huria ya familia fulani ya printa za laser, angalieni kama modeli yenu imo kabla hamjaanza. Kisha unaongeza printa kwa brauza ya maandishi tu kwenye localhost:631, unaipa jina, mimi nimeita laser, na unairuhusu kusheawa:

sudo lpadmin -p laser -o printer-is-shared=true

Kwenye laptopu mpya nikafungua Printers & scanners, Add device, ikatokea yenyewe kwenye orodha, nikabonyeza, ikajiweka na ile IPP Class Driver. Nikatuma ukurasa. Kimya. Foleni inasema imeshachapwa, printa haijatikisika.

Nimehangaika na hii jioni nzima mpaka futari ikanipita mezani. Tatizo halikuwa Windows wala ARM: baadhi ya printa hizi hazitunzi firmware yake zenyewe, kila ukiziwasha kompyuta inatakiwa izilishe kwanza, na kwenye Windows draiva ilikuwa inafanya hivyo kimyakimya miaka yote. Nikatafuta faili la firmware la modeli yangu, nikaliweka pale foo2zjs inapolitafuta, nikazima printa nikawasha, ikakoroma. Ukurasa ukatoka.

Jumatatu mama Nasra anaprinti mtihani, swali la mwisho limekatwa miguu. Foleni ilikuwa inadhani karatasi ni Letter ya Marekani, ambayo ni fupi kuliko A4. Dawa:

sudo lpadmin -p laser -o PageSize=A4

afu kwenye Windows unaitoa printa unaiongeza upya ili isome vipimo vipya. Tangu hapo haijasumbua.

Kuna watakaosema si ungetumia Raspberry Pi, ile kompyuta ya ubao mmoja, ndogo, haina kelele. Ungeweza, kwa foo2zjs inakubali maana ni huria na inajengwa kwa prosesa yoyote. Ila kuna printa ambazo draiva yake ya Linux mtengenezaji ameitoa ikiwa imeshafungwa kwa ajili ya Intel tu, na Pi nayo ni ARM, utakuwa umetoka kwenye shimo ukaingia kwenye shimo hilohilo. Laptopu ya zamani ya Intel ina faida hapo.

Jumamosi 15 Machi: modemu, skana, ufunguo wa hesabu

Modemu ya USB, ile ya zamani inayobeba programu yake ndani: inaonekana kama CD na inaishia kuwa CD. Sikupigana nayo, hotspot ya simu ipo.

Skana ya kioo: hakuna draiva ya ARM64. Kwa sasa tunapiga na simu inakuwa PDF, kwa kazi za nyumbani inatosha, nimeiweka juu ya kabati.

Hesabu za shemeji sasa. Ana duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, mimi ndo namfungia hesabu mwisho wa mwezi, na programu ni ya zamani ya biti 32. Programu yenyewe inafunguka bila kusita na kuvuta ripoti ya mwaka mzima hakuna tofauti ninayoiona na mashine ya zamani, Prism hapo wamefanya kazi. Lakini ina ulinzi wa ufunguo wa USB, kile kidude kama flashi ambacho bila kukichomeka programu inakwambia ni ya majaribio. Kidude kina draiva yake. Umeshajua kinachofuata.

Nikampigia aliyetuuzia programu. Mwanzo akasema haiwezekani, "kaka hiyo programu ni ya kompyuta za kawaida", nikamweleza kwamba programu inafunguka, kinachogoma ni kidude tu, akanyamaza kidogo akasema kuna toleo ambalo leseni yake ni namba unaiandika, halina kidude, kubadilisha ni 60,000. Nimelipa kwa simu, akatuma namba, nimewasha, data yote ya zamani imekuja. Shemeji amerudisha nusu, nusu nyingine anasema ni uchakavu wangu.

Milango ya USB ni ya aina ya C yote miwili kwahiyo nikanunua habu, 35,000, ina USB za kawaida, HDMI na kisomeo cha kadi. Hiyo haikuhitaji draiva.

Jumamosi 22 Machi: betri na joto

Hili eneo ndo laptopu inajilipia. Kwa mwanga wa nusu, waifai imewashwa, Word, brauza, WhatsApp na video za hapa na pale, imekaa saa 13 na dakika kadhaa kutoka mia mpaka tano. Gawa Wh 57 kwa hizo saa, ni kama wati 4 na kitu, mashine nzima pamoja na skrini. Ukitaka kuona ya kwako andika powercfg /batteryreport kwenye Terminal, inakutengenezea ukurasa wenye uwezo wa kiwandani wa betri, uwezo wa sasa na matumizi ya kila siku. Ukinunua used hiyo amri ifanye ukiwa bado dukani.

Usingizi: ukiifunga usiku na 80 unaikuta asubuhi 78 au 77, na inaamka kabla hujamaliza kuinua kifuniko. Ya zamani ukiichomoa tu ukutani umeizima.

Ila kutafsiri kunakula. Ukishinda na programu nzito ya x64 saa 13 inakuwa nusu yake au chini, ndo maana nimesisitiza ile safu ya Architecture, haihusu spidi tu.

Kuna kisa cha hawa ARM nakipenda. Prosesa yao ya kwanza, ya kampuni ya Acorn pale Cambridge, Uingereza, ilirudi kutoka kiwandani Aprili 1985, wakaiweka kwenye ubao wa majaribio, ikafanya kazi, wakaweka kipimo waone inakula umeme kiasi gani, kipimo kikasoma sifuri. Wakagundua waya wa umeme wa prosesa haujaunganishwa kabisa, ilikuwa inaishi kwa umeme unaovuja kutoka kwenye vifaa vya jirani. Miaka 40 baadaye tabia ni ileile.

Nikapima na LUKU kichwani. Ya zamani ilikuwa inavuta wati kama 22 ukutani, mpya ikishajaa inavuta kama 7. Kwa saa nane kwa siku ni tofauti ya uniti 3.6 kwa mwezi, na kwa tarifu yetu ambapo uniti inaangukia kama shilingi 357 ni shilingi elfu moja mia mbili na themanini na kitu. Wanaonunua ili waokoe umeme poleni. Halafu nikakumbuka ile Debian ya printa: imefungwa kifuniko, haina kazi, inavuta wati 10, saa 24, mwezi mzima uniti 7.2, zaidi ya 2,500. Yaani inakula akiba yote na kuongeza deni! Sasa inawashwa siku za mitihani tu, dakika moja iko hewani, ukimaliza inazimwa.

Joto: sebuleni ni nyuzi 31 mchana, pangaboi tu hakuna kiyoyozi. Kazi za kawaida feni haisikiki. Ikitafsiri kitu kizito feni inaamka na chini inapata moto, sio wa kuunguza ila mapajani hutaipenda, na ukiiweka kwenye godoro ukaziba matundu inajipunguza kasi waziwazi. Mbao ya kukatia mboga imepandishwa cheo, ndo meza yake ya kitandani.

Jumatano 2 Aprili: umeme umekatika

Sikukuu imepita, mvua zimeanza, na jana umeme umekatika mchana umerudi usiku. Mtihani halisi huo. Laptopu 90, raha mustarehe. Waifai imekufa sekunde ileile.

Ni kitu kidogo ambacho nilikuwa sijakiweka kwenye ile karatasi ya ukutani: betri ya saa 13 bila ruta ni mashine ya kuchapia. Hotspot inaokoa lakini simu nayo inaisha. Nimenunua UPS ndogo ya ruta, ile ya boksi la plastiki yenye betri za lithiamu ndani inatoa volti 12, 65,000. Angalieni volti na ampea zilizoandikwa kwenye chaja ya ruta yenu kabla hamjalipa, kuna ruta za volti 9 na za 5, ukikosea unaikaanga. Yangu inaibeba ruta saa nne hivi.

Kuchaji laptopu kwa pawabenki: ile yetu ya simu ya wati 18 Windows inakupa onyo la chaja dhaifu, asilimia inashuka polepole badala ya kupanda. Ukiizima laptopu inapanda, ila kwa mwendo wa bibi harusi. Nimechukua ya wati 65 yenye PD (mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C), 115,000, inaipandisha huku unafanya kazi. Kebo nayo iwe ya kubeba wati hizo, za bure zinazokuja na simu nyingi hazifiki.

Jumamosi 12 Aprili: video za dogo, na jumla ya hela

Dogo anahariri video za harusi za watu wa mtaani, na programu aliyoizoea ikifunguliwa inatokea nembo, sekunde mbili, inapotea. Hakuna ujumbe wa kosa wala nini. Tumeiweka upya, tumebadilisha setingi za utangamano kwenye Properties za programu, wapi.

Sababu: programu inataka AVX2, ambayo ni kundi la amri za prosesa za Intel na AMD za kupiga hesabu nyingi kwa mkupuo, wahariri wa video wanazipenda. Prism iliyokuwepo kwenye 24H2 yangu Aprili 2025 ilikuwa haizitafsiri, programu ikiuliza "unazo?" inajibiwa hapana, nayo inajifungia mlango. Microsoft walianza kuzijaribu Novemba 2024 kwenye toleo la majaribio namba 27744, ila mimi siweki toleo la majaribio kwenye mashine yenye hesabu za watu.

Tumehamia DaVinci Resolve, tangu toleo la 19 wana ya ARM64 yenyewe na ya bure inatosha. Ni gigabaiti kadhaa kuishusha, dogo akaishushia chuoni. Video za 1080p zinakwenda vizuri, ukichanganya 4K kwenye tabaka kadhaa memori inajaa, kwa sababu 16GB hizo sehemu ya picha nayo inakula humohumo. Amelalamika siku mbili tatu kuhusu vitufe kubadilika, sasa hasemi kitu. Magemu yake ya mtandaoni yenye kinga dhidi ya wadanganyifu ndo hayaingii, kinga hizo zinakaa kwenye kiini kama draiva. Mama Nasra ameitaja kama faida.

Nilipita pia kwa fundi kuuliza kioo kikipasuka. Akaigeuza, akasoma modeli, akasema "mzee hii spea haijafika mjini, tunaagiza China", bei hakutaka kuitaja. Nimenunua begi lenye sponji, hilo silihesabu.

Hesabu mpaka leo: laptopu 2,150,000, adapta 8,000, bando 15,000, leseni ya hesabu 60,000 (nusu nadai), habu 35,000, UPS ya ruta 65,000, pawabenki 115,000. Jumla 2,448,000. Printa imekaa kwa sifuri ukiacha jioni zangu.

Zinazofuata ni mbili. Kuna programu inaitwa AirSane ya kuiweka kwenye ileile Debian, inaitangaza skana ya zamani mtandaoni kwa lugha ya kisasa kama CUPS ilivyofanya kwa printa, nataka nione kama Windows ya ARM itaiona. Na Prism ikiletewa AVX2 kwa apdeti ya kawaida, nitairudisha ile programu ya kwanza ya dogo niipime na Resolve kwa faili lilelile la harusi, muda wa kutoa video na asilimia ya betri iliyoliwa.